Serikali Ikiwa Baba wa Kila Nyumba

Ndugu wasomaji, tumepokea barua ya kijana mmoja wa mkoa wetu huu wa Katavi, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa hakutupa ruhusa. Barua yake ni ndefu na imeandikwa kwa adabu, nasi twampongeza kwa adabu hiyo, maana siku hizi wengi wakitofautiana na mtu huanza kumtukana, kisha ndipo watafute hoja. Yeye asema kwamba sisi walimu wa vyuo vya Kurani tumekuwa jiwe katika njia ya maendeleo. Ataka serikali ishike kila jambo: ilishe maskini, ilee mayatima, itunze wazee, ipange bei za mazao, ikusanye zaka na kuigawa, na kila mahali pa kusomesha watoto, hata chuoni kwetu, pawe chini ya mkono wake. Asema huo ndio utu wa zama hizi, na kwamba mtu kumtegemea jirani yake ni aibu, bali kuitegemea serikali ni haki.

Twapenda kumjibu, na tutamjibu kwa urefu, kwa kuwa fikira hizi si zake peke yake. Twazisikia sokoni, twazisikia katika mikutano ya siasa, na hata barazani baada ya sala.

Kwanza tuondoe dhana moja. Sisi hapa Sibwesa si maadui wa serikali. Majirani zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao waliikimbia Burundi katika mauaji ya mwaka 1972, wajua vema kuliko sisi ni nini watu kukosa serikali ya haki, na ni nini kupokewa na serikali yenye huruma. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973, Mishamo mwaka 1978, wakapewa mashamba, na baada ya miaka mingi ya kungoja wengi wao wakapata uraia. Jambo hilo ni fahari ya nchi hii, wala hatuna haja ya kulipunguza. Kadhalika barabara, chanjo za watoto, mahakama, ulinzi wa mipaka: hayo ni kazi ya serikali, na ikiyaacha imeacha wajibu wake. Ugomvi wetu na kijana ni juu ya mpaka. Mwenye shamba asiyejua mpaka wake hulima la jirani, na aghalabu lake hubaki na magugu.

Kijana huyu ni mdogo. Yaelekea hakufundishwa, au alifundishwa kwa haraka, kwamba hayo anayoyataka yamekwisha kujaribiwa katika nchi hii hii, na waliojaribu hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wenye nia njema na elimu kubwa. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata mabenki yakatwaliwa na taifa. Mwaka 1969 ikaja sheria ya elimu, na shule za misheni na za mashirika mengine zikaingia mikononi mwa serikali. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, kazi zao zikapewa maofisa waliotumwa kutoka juu. Mwishoni mwa mwaka 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini si hiari tena. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga kwa jasho lao tangu zama za Mwingereza, navyo vikafutwa.

Tazama mpangilio wake, ndugu msomaji. Kila hatua iliondoa kitu kilichokuwa kimesimama baina ya nyumba ya mtu na serikali. Ushirika uliondoka, halmashauri ikaondoka, shule ya dini ikaondoka, duka la jirani likaelekea kuondoka. Mwisho akabaki mkulima na mkewe na watoto upande mmoja, na upande wa pili serikali nzima. Kati yao hapakuwa na mtu wa kusema naye.

Waislamu tulionja mapema. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society ilianza mwaka 1945 kwa juhudi za Aga Khan, ikajenga misikiti na shule katika Afrika Mashariki yote. Desemba 1968 ilipigwa marufuku Tanzania, na mwezi huo huo likaundwa Baraza Kuu la Waislam, BAKWATA. Ni kweli kwamba Waislamu wenyewe walikuwa wamegombana, mikoa mingine imekwisha kujitoa, na nyumba yenye ugomvi humpa mgeni sababu ya kuingia. Walakini yafaa mtu ajiulize: je, ugomvi wa ndugu huamuliwa kwa kuvunjwa nyumba?

Katika vijiji mambo yalikuwa mazito zaidi. Katika nchi hii yetu baina ya Mpanda na Ziwa Tanganyika, Watongwe na Wabende desturi yao ilikuwa kukaa mbalimbali porini, nyumba chache hapa na chache kule, wakalima, wakawinda, wakavuna asali, wakahama udongo unapochoka. Kwa macho ya mtu wa ofisini, huo ulikuwa ujinga. Kwa mtu aujuaye udongo wa misitu ya miombo, huo ulikuwa ujuzi wa miaka mingi, kwa kuwa udongo ule hauwezi kulimwa mahali pamoja daima. Katika miaka ya operesheni wakakusanywa kandokando ya njia. Katika mikoa mingine ya nchi nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mamilioni ya watu walihamishwa katika muda wa miaka michache tu. Waliacha miembe iliyokuwa inaanza kuzaa, wakaacha na makaburi ya wazee wao. Na aliyepanga mahali pa kijani kipya hakuuliza maji yako wapi wakati wa kiangazi, kwa sababu hakuwa yeye atakayekwenda kuyateka.

Sisi tulikuwa watoto, lakini miaka ya mwanzo ya 1980 twaikumbuka wenyewe. Sukari ilikuwa kama dawa. Sabuni ikikosekana nguo zilifuliwa kwa majivu. Mwaka 1976 palikuwapo Operesheni Maduka, ya kuyafunga maduka ya watu binafsi ili yabaki ya kijiji, na ijapokuwa ililegezwa baada ya muda mfupi, biashara ndogo ilikwisha kuvunjika mgongo. Bei zilipangwa na tume, na palipokuwa na bei iliyopangwa hapakuwa na bidhaa. Mwaka 1983 wakasakwa walioitwa wahujumu uchumi. Wakubwa wachache walishikwa kweli, na pamoja nao wakashikwa wengi ambao makosa yao yalikuwa magunia mawili uvunguni.

Hapa twamwomba kijana akumbuke habari ambayo kila mwanafunzi wa chuo ameisoma. Bei zilipanda Madina katika zama za Mtume, rehema na amani zimfikie, na watu wakamwendea wakimtaka awapangie. Yeye aliyekuwa na haki kuliko watawala wote alikataa, akarejesha jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu, akaogopa kukutana na Mola wake hali kuna mtu amdaiye dhuluma ya damu au ya mali. Wanazuoni wamejadili baadaye ni wakati gani mtawala aweza kuingilia, kama kwa wafichao chakula wakati wa njaa, na mjadala huo ni mrefu. Lakini asili yake ni hiyo: kuogopa. Tume ya bei haikuwa na hofu hiyo.

Walakini hatutaki kusema nusu ya kweli. Katika jambo moja la bei, sisi wa pande hizi tulifaidika. Katika miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa Rukwa, ambako Mpanda ilikuwa wilaya yake, akapata sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kusafirisha ikabebwa na shirika la serikali. Mikoa minne ya pembezoni, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikawa ghala la taifa. Mtu wa huku asiyelikiri hilo ameficha kitu. Na sisi twasema pia yaliyofuata. Hesabu ile haikuwa na mlipaji. Shirika likazama katika madeni, malipo yakachelewa, na bei moja ilipoondolewa mkulima wa mbali akajikuta na shamba kubwa, gharama kubwa za mbolea, na hana ushirika wake mwenyewe wa kumtafutia soko, maana ulifutwa. Alikuwa amefundishwa kupanda kwa ajili ya mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo akaondoka.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, Mungu amlipe kwa mema aliyoyatenda, alikiri mwaka 1984 kwamba lau angeanza tena asingevunja serikali za mitaa wala ushirika. Halmashauri zikarudi, ushirika ukarudi kwa sheria mpya. Lakini kitu kilichokwisha kung'olewa hakirudi na mizizi yake. Ushirika uliorudi ulirudi kama ofisi. Katika wilaya yetu wako wakulima wa tumbaku (zao ambalo masheikh hawakubaliani juu yake, nasi leo hatuingii huko) ambao huuita ushirika wao "wale", hawauiti "sisi". Neno hilo moja ladhihirisha kilichopotea kuliko ripoti ya kurasa mia.

Kijana atasema hayo ni ya zamani, watu wamejifunza. Na tuangalie basi ya karibu. Novemba 2018 wanunuzi wa korosho walitoa bei iliyowachukiza wakulima wa kusini. Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaenda kuzikusanya. Watu wakashangilia, na ni nani asiyeshangilia bei njema? Kisha ikaja kazi ya kuhakiki nani ana shamba na nani ni mlanguzi, malipo yakangojwa miezi na miezi, na wako waliouza kwa siri kwa bei ya chini kuliko ile ya wanunuzi waliofukuzwa, kwa kuwa ada za shule hazingoji uhakiki. Nia ilikuwa nzuri. Twarudia neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa kijana katika barua yake amelitumia neno "nia" mara nne.

Na ofisi zaongezeka. Mpanda ilipokuwa wilaya ya Rukwa, mkoa ulioundwa mwaka 1974, ofisi kubwa ilikuwa Sumbawanga, nasi tulinung'unika kuwa ni mbali. Mwaka 2012 tukapewa mkoa wetu wa Katavi, na leo mkoa huo una wilaya tatu na halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe. Mtu wa Sibwesa akitaka makao ya halmashauri yake aenda Majalila, si Sumbawanga, na hilo ni nafuu ya kweli, hatulikatai. Lakini kila ofisi ina paa, ina gari, ina mafuta ya gari, ina mlinzi wa gari. Mwenye kulipa ni yule yule mwenye mahindi.

Kwa hiyo serikali iliyojitwika mizigo mingi sharti itafute fedha mahali ambapo haikuwa ikitazama. Julai 2021 iliwekwa tozo juu ya fedha zinazotumwa kwa simu. Ilipunguzwa mwaka huo huo baada ya watu kulalamika, nasi twashukuru. Lakini fikirini maana yake. Kijana aliyekuwa Dar es Salaam alimtumia bibi yake aliyekuwa Sibwesa shilingi elfu kumi za unga. Huo ni wema kati ya damu na damu, haukuigharimu serikali hata senti. Njiani alikatwa, ili fedha hizo zikajenge, na pengine zikawasaidie mabibi. Yaani chombo cha kusaidia wazee kililishwa kwa kupunguza unga wa mzee ambaye tayari alikuwa anasaidiwa. Sisi hatukusoma uchumi, tulisoma chuoni na katika shule ya msingi, lakini hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne aiona.

Tumefika mahali ambapo jambo hili latuuma hasa. Hapa kijijini yuko bibi mmoja mjane, amezaa wana watatu, wote wazima na wana nguvu. Aliandikwa katika mpango wa kunusuru kaya maskini, akawa apata fedha kidogo kila baada ya muda. Hatuna neno na mpango huo. Umewanunulia watoto wengi madaftari, na bibi mwenyewe anaushukuru. Lakini tangu siku hiyo mwanawe mkubwa ameacha kuleta mahindi. Tulipomwuliza, alijibu bila haya kwamba mama sasa ana mwenyewe. Tukamwuliza, mwenyewe nani? Akasema, serikali.

Masika iliyopita paa la bibi lilivuja. Serikali haikuwa na habari, wala haikuwa kosa lake kutokuwa na habari, kwa kuwa serikali hailali chini ya paa lile. Mwana alikuwa na habari. Nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi.

Jambo la pili. Mwaka jana walibaki mayatima wawili baada ya baba yao kufa. Wana ami watatu. Zamani kikao cha msiba chenyewe kingeamua kabla watu hawajatawanyika nani achukue yupi, na aliyekataa angeona haya miaka mingi. Safari hii ami mmoja akasimama akasema waandikiwe barua ustawi wa jamii. Tuliokuwapo tukatazamana. Si kwamba ustawi wa jamii ni wabaya; wana kazi ya kutosha kwa watoto wasio na mtu kabisa. Lakini hawa walikuwa na ami watatu, na kila mmoja ana ng'ombe.

Hilo ndilo twaliogopa, kijana wetu, kuliko kodi na tozo. Misaada ya serikali ikimfikia asiye na mtu, ni rehema. Ikimfikia mwenye watu na ikawapa hao watu udhuru wa kukaa, imemwacha na shilingi kadhaa na imemwondolea mwana. Na shilingi zenyewe zategemea bajeti, na bajeti yategemea wafadhili na bei za dunia, na siku zikikatika mwana amekwisha kusahau njia ya kwenda kwa mama yake.

Hata elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ambayo twaiunga mkono kwa kuwa watoto wengi wa maskini waliingia darasani, ina kivuli hicho. Wako wazazi waliosikia "bila ada" wakafahamu "bila mzazi". Mwalimu akiita kikao, hawaji. Choo cha shule kikibomoka, wangoja. Miaka ya nyuma watu hao hao walifyatua tofali kwa mikono yao.

Kuhusu zaka, kijana ametoa hoja yenye nguvu, nasi twaiheshimu. Asema Sayyidna Abubakar aliwapiga vita waliozuia zaka, kwa hiyo kuikusanya ni kazi ya dola. Ni kweli. Lakini Mtume alipomtuma Muadh kwenda Yemen alimwamuru itwaliwe kwa matajiri wao na irudishwe kwa mafakiri wao, wa hapo hapo. Haikuwa ya kwenda kujaza hazina ya mbali. Tena wapewao wametajwa katika Sura ya Tawba, makundi manane, na hakuna mtawala awezaye kuongeza la tisa. Na katika zama za Sayyidna Uthman zaka ya mali iliyofichika, kama dhahabu na fedha, waliachiwa wenyewe waitoe, ili watu wasipekuliwe majumbani mwao. Masahaba walijua kuna mlango ambao mtawala husimama nje yake.

Pakistan walijaribu njia ya kijana huyu. Tangu mwaka 1980 zaka ikawa inakatwa na mabenki katika akiba za watu ufikapo Ramadhani. Ikawa nini? Wengi wakazoea kuzitoa fedha zao benki kabla mwezi haujaandama, na kuzirudisha baadaye. Mashia walipinga kwa kuwa madhehebu yao haikubali mpango ule, hata wakasamehewa. Ibada iliyowekwa kusafisha mali ikawa jambo la kukimbiwa kama ushuru wa gulio. Hatupendi kuiona Tanzania ikiingia huko, wala hatuamini kwamba serikali isiyo na dini, kama katiba yetu isemavyo, yapaswa kubebeshwa ibada ya watu wa dini moja.

Kijana atatuuliza, basi mwataka serikali ifanye nini? Twataka ilinde mipaka ya mashamba, kwa kuwa wafugaji na wakulima katika wilaya hii wanagombana kila kiangazi na kesi zachelewa. Twataka barabara ipitike masika. Twataka mizani ya kununulia mazao isiwe ya uongo, na hilo la mizani ni kazi ya mtawala tangu zama za muhtasib. Twataka dawa zahanati. Ikiyatimiza hayo vema, itakuwa imefanya mengi, na yaliyobaki ituachie tuyahangaikie wenyewe, hata kama tutayahangaikia kwa makosa.

Limebaki swali lake la mwisho, dogo lakini la maana: je, yafaa kumpa zaka mtu aliyekwisha kuandikwa katika orodha ya kaya maskini? Jibu ni kwamba yafaa, maadamu apatacho hakimtoshi. Orodha ya serikali haimtoi mtu katika ufakiri wala haimwingizi. Aanze na jamaa zake wahitaji ambao nafaqa yao si wajibu juu yake, kama shangazi na ami, apate thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Ama mama yake mzazi, akiwa mhitaji naye mwana ana uwezo, hapewi zaka na mwanawe. Chakula chake, nguo zake na paa lake ni deni juu ya mwana huyo, na deni halilipwi kwa zaka.